Buba: dawa ya majani kwa kiwavi jeshi mu mahindi

Zambia ikifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa mahindi, bei ya unga wa bukari inapanda mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo shamba la hapa likiliwa na kiwavi jeshi, hasara inafika mu sahani. Mdudu huyu alitoka Amerika, akaonekana Afrika mwaka 2016.

Dawa ya duka ikikosa, kuko buba, mumea ule wavuvi wanalewesha nao samaki. Majani yake yanabeba rotenoni, sumu ya wadudu. Ponda kilo 1 ya majani mabichi, loweka usiku kucha mu litri 10 za maji na sabuni kidogo, chuja, kisha mwagia mu moyo wa mahindi, jioni. Fanya hivyo kiwavi akiwa angali mudogo. Akiisha kukomaa anajificha ndani, dawa haimufikie. Wengine wanatia jivu palepale.

Si kila buba iko na nguvu: jaribu kwanza mistari miwili. Funika mdomo na pua, nawa mikono, na usioshe ndoo mu mto. Sumu hiyo inaua samaki.