Pamba, Njaa na Nyumba: Kuisoma Upya "Kinjeketile"

Tangu Ebrahim Hussein achapishe tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, wahakiki tumemkimbilia Kinjeketile na maji yake. Tumeandika kurasa nyingi juu ya umoja, imani na nguvu ya wazo. Sawa kabisa. Lakini hebu tuulize: watu wa tamthilia hii wanakula nini, wanavaa nini, wanalala wapi? Makala haya yanashikilia kwamba mavazi, chakula na makazi si mapambo ya jukwaa. Ndiyo chanzo cha vita vyenyewe.

Tuanze na chakula. Mchezo haufunguliwi na mashujaa, bali na wanawake wanaozungumzia njaa. Wanaume wako kwenye shamba la pamba la Bwana Kinoo. Hapa Hussein anaifuata historia: mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani, watu wakashurutishwa kuyalima. Anayetoka Dimani au kwingineko Rufiji hana haja ya kuelezwa maana yake. Mpunga usio na mtu wa kukaa kwenye dungu ni mali ya ndege na nguruwe. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 juu ya jambo hilohilo kwa upande wa Uzaramo: njaa, nguruwe mwitu, na mzigo uliowaangukia wanawake.

Pamba nayo ni nguo. Ujerumani ilitaka viwanda vyake visitegemee pamba ya Marekani. Mkulima wetu akalimishwa nguo za wengine, huku mwenyewe akijifunga merikani ya dukani. Sasa tazama masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na G. C. K. Gwassa miaka ya 1960: Kinjeketile aliingia majini, akatoka kesho yake nguo zake zikiwa kavu. Tumezoea kuona muujiza tu. Lakini pale ambapo nguo imegeuka shuruti, nguo isiyolowa ni tangazo la uhuru.

Na nyumba? Masimulizi hayo yanaitaja Kijumba-Nungu, nyumba ya Mungu iliyojengwa Ngarambe, ambako watu wa makabila mbalimbali waliiendea dawa. Umoja ulipata paa. Wajerumani walijibu kwa kuchoma nyumba na maghala. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Hapo ndipo tunapomdai Hussein. Kinjeketile halisi alinyongwa Muhoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Mwandishi amemwacha hai mpaka baada ya mapigano, ili akatae kuyakana maji. Kisanaa amefaulu sana. Lakini mchezo unaishia gerezani, kwenye mabishano ya wanaume juu ya neno. Wale wanawake wa mwanzo hatuwaoni tena wakiikabili ile njaa kubwa iliyokuja.

Tukiwafundisha wadogo zetu kwamba babu zao walidanganyika na maji, basi, tumewanyang'anya sababu zao. Walikuwa na shamba lililoliwa na nguruwe, pamba isiyowavisha, na nyumba wasiyoitawala. Uhakiki wetu uanzie hapo.