Besi ya Tabora na kamera ya Kinshasa

Hakuna mpiga besi niliyemtazama mara nyingi kama Mpudi Zinga, maarufu kwa jina la Decca. Mikanda ya zamani ya video ya TPOK Jazz, bendi ya Kinshasa iliyoongozwa na Franco, siku hizi inafika kwenye simu hata huku Ipuli, Tabora, nami huirudia usiku nikimtafuta yeye tu. Kamera inampenda Franco, inawapenda waimbaji. Decca hupewa sekunde chache, kisha picha inahama. Sekunde hizo zinanitosha kuona anavyoacha nafasi. Pigo la kwanza hulipisha kimya, halafu sauti nzito inatua pale ambapo mchezaji alishainua mguu.

Kutokana na mikanda hiyohiyo limezuka dai linalonikera: kwamba besi ya bendi za Tabora ilinakiliwa kutoka Kinshasa. Ushahidi wenyewe ni picha. Wakongo wanaonekana wakipiga, wetu hawaonekani.

Wangeonekanaje? Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Kongo 1966, Zanzibar 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Enzi ya Tabora Jazz, wenye mtindo wa Segere Matata, ya Nyanyembe Jazz na ya Kiko Kids ya Salum Zahoro ilikuwa imekwisha kupita. Kilichobaki ni kanda za sauti za Redio Tanzania Dar es Salaam, na hizo ndizo wenye dai hilo hawazigusi. Mtu anahukumu muziki kwa macho, masikio ameyaweka kando!

Turudi nyuma zaidi ya Franco. Kuanzia 1933 kampuni ya His Master's Voice ilitoa santuri za GV, nyingi zikiwa za Kuba, zikauzwa Kongo na Afrika Mashariki vilevile. Katika muziki wa son wa Kuba, besi hukwepa pigo la kwanza na kuliwahi linalofuata. Ujanja ule ninaoupenda kwa Decca ulikwisha kusikika kwenye gramafoni kabla televisheni haijafika Kinshasa. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, hakuiita Leopoldville, jina la zamani la Kinshasa. Basi Kinshasa na Tabora walikaa dawati moja. Kumwita mmoja mwalimu na mwingine mwanafunzi ni kuionea Tabora.

Sikatai mchango wa Wakongo. Bendi ya Maquis ilitoka Kamina, Kongo, ikahamia Dar es Salaam miaka ya 1970, na dansi letu likapata ladha nyingine. Reli nayo ilifanya kazi yake: ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kutoka upande huo wa Ziwa Tanganyika alikuja Shem Karenga, mwenye wimbo “Dada Asha”, akajiunga na Tabora Jazz. Ila treni hurudi pia. Western Jazz, yenye mtindo wa Saboso, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende na wenzake waliotoka Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa hapa Tabora. Jina la bendi linasema muziki ulikuwa unatoka wapi.

Wapo wanaorudi nyuma zaidi, hadi enzi ya misafara ya pembe za ndovu iliyopita Tabora. Nachukua jambo moja tu. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, 1857, aliandika juu ya kirangozi, kiongozi wa msafara, aliyetangulia na bendera nyekundu, nyuma yake mtu wa ngoma. Wapo wanaosema besi ya Tabora ina mwendo wa ngoma hiyo, ngoma ya watu wanaotembea na mizigo mabegani. Hakuna karatasi ya kulithibitisha hilo, lakini nalipa uzito kuliko lile la Kinshasa, maana waliosema hivyo walianza kwa kusikiliza.

Jioni moja nilimpelekea mzee jirani yangu, mcheza dansi wa zamani, mkanda wa Decca. Aliutazama kidogo, akaniomba nimwekee Mlimani Park, ile ya mpiga besi Suleiman Mwanyiro aliyeitwa Computer, kisha Tabora Jazz. Hizo hazina picha. Chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, lilipoanza aliilaza simu kifudifudi kwenye mkeka, akaanza kugonga goti kwa kidole gumba, akiliruka pigo la kwanza kila mara.