Damu Ikishaganda, Inaitwaje?

Kwa Kiswahili damu iliyoacha kutiririka ina majina zaidi ya moja, na kila jina lina kazi yake. Damu inaganda: hilo tunalisema kwa damu, kwa mafuta ya nazi asubuhi ya baridi, kwa maziwa, na siku hizi hata kwa simu iliyokwama. Damu inavilia: hapo hakuna tone lililotoka nje. Mtu amepigwa, ngozi haikupasuka, lakini chini yake pamekuwa peusi na panauma. Halafu kuna bonge la damu, au donge, au pande, kitu ambacho mtu anaweza kukuonyesha ukubwa wake kwa mkono: kama limau, kama ngumi ya mtoto. Neno la kwanza linasema damu imefanya nini, la pili linasema imebaki wapi, la tatu linasema ni kiasi gani. Sasa mpe mkalimani mwenye haraka apeleke maneno hayo kwa Kifaransa. Mara nyingi yote matatu yanatupwa katika mfuko mmoja, caillot. Kwa Kiingereza ni vilevile, clot, basi.

Nimetafuta watu wengine, wa zamani na wa leo, walivyopata majina yao. Ninachokiona ni kwamba karibu hakuna aliyekaa chini akatunga neno jipya kabisa kwa ajili ya damu iliyoganda. Watu walienda kuazima. Wengine waliazima kwenye maziwa, wengine kwenye udongo na magogo, wengine kwenye uchafu. Na pale walipoazima panaonyesha walikuwa wanaogopa nini.

Tuanze na maziwa, kwa sababu ndiyo njia kubwa. Sisi tuliosomea Kongo tumekunywa lait caillé tangu utoto bila kufikiri kwamba caillé na caillot ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanatoka kwenye kitenzi cha Kilatini coagulare, kugandisha, na nyuma yake kuna coagulum, yaani kile kitu kinachotolewa kwenye tumbo la ndama au mwanambuzi ili maziwa yawe jibini. Mizizi yake ukiifuata chini zaidi unakuta maana ya kuswaga vitu mpaka vikae pamoja, kama mchungaji anavyokusanya ng'ombe jioni. Wajerumani nao, neno lao Gerinnsel linabeba picha ya vitu kutiririka mpaka vikakutana, na kitenzi hichohicho wanakitumia kwa maziwa. Hivyo mwanamke wa Masisi anayeuza fromage na daktari anayeandika caillot kwenye fishi ya mgonjwa wanatumia neno la zizi moja.

Wagiriki wa kale walienda mbali zaidi. Neno lao ni thrombos, bonge. Halikuwa la damu peke yake. Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, analitumia kwa mabonge ya lami yaliyokuwa yakiletwa na mto na kutumika katika kuta za Babeli. Wataalamu wa lugha wanaliunganisha thrombos na kitenzi trephein, na hicho kitenzi ndicho kinachonishangaza. Katika utenzi wa Odisea, lile jitu lenye jicho moja linapogandisha nusu ya maziwa yake, kitenzi ni hicho. Lakini maana ya kawaida ya trephein ni kulea, kulisha, kukuza mtoto. Kwa masikio ya Mgiriki, kulea mtoto na kugandisha maziwa ilikuwa kazi ya aina moja: unachukua kitu chepesi, kisichoshikika, unakifanya kiwe na mwili.

Katika Iliadi, kitabu cha 5, Ares mungu wa vita anajeruhiwa kwa mkuki, anapanda juu akilia, na mganga wa miungu anampaka dawa. Jeraha linafunga haraka, na mshairi anafananisha haraka hiyo na utomvu wa mtini unavyogandisha maziwa meupe anapoyakoroga mtu. Hapo kuganda ndiko kupona. Damu ikiganda mlangoni mwa jeraha, mtu atalala na ataamka.

Msomaji wa Kinyarwanda hapa anatabasamu tayari. Kwao kuvura ni kutibu: umuvuzi ni mganga, ivuriro ni mahali pa matibabu, na kila mtu aliyewahi kupanga foleni Kigali au Huye anayajua maneno hayo. Na kuvura, kwa herufi hizohizo, ni kuganda, kwa maziwa na kwa damu. Vitabu vyao vya afya vinaeleza kuvura kw'amaraso. Sisemi kwamba Wagiriki na Wanyarwanda waliambiana. Wote walikuwa wafugaji, wote walikaa karibu na maziwa, na wote waliona damu ya mtu na ya mnyama mara nyingi kuliko walivyotaka.

Hao Wagiriki walikuwa na neno lingine la vita, brotos, damu iliyotoka jerahani na kukaukia mwilini au kwenye silaha. Kuna brotos mwingine, maana yake binadamu, mwenye kufa. Yanaandikwa kwa herufi zilezile, tofauti iko kwenye sauti tu: moja inapanda mwanzoni, nyingine inapanda mwishoni. Na kwa Kigiriki cha kale sauti hiyo ilikuwa ya kupanda na kushuka kweli, kama kuimba. Wazungu wanapofundishwa jambo hili shuleni wanahangaika. Mrundi au Mbembe hahitaji somo, maana lugha yake inafanya hivyo kila siku. Ukikosea sauti umetaja damu mahali pa mtu.

Warumi ndio waliokuwa makini kuliko wote katika kutenganisha. Sanguis ni damu iliyo ndani, inayotembea, hata damu ya ukoo. Cruor ni damu iliyotoka nje kwa kumwagwa, damu ya jeraha na ya mauaji, inayoganda chini. Kiswahili kinahitaji maneno mawili au matatu kusema hivyo, damu iliyomwagika. Wao lilikuwa neno moja, na ukilisikia unajua kuna mtu kaumizwa. Ukoo wa cruor ni mkubwa: crudus, kibichi, kama nyama isiyopikwa, na kutoka hapo crudelis, ambalo limetupa cruel ya Kifaransa. Kwa hiyo katili, ukifuata asili ya neno la Kifaransa, ni mtu mbichi, mtu ambaye hajapikwa. Warusi wanasema krov' na Wapolandi wanasema krew kwa damu ya kawaida tu, na ni ukoo huohuo. Raw ya Kiingereza nayo imo humo. Neno lililokuwa la kutisha mahali pamoja limekuwa la maabara mahali pengine.

Waingereza walipita njia ya jalala. Gore, neno lao la damu nzito iliyomwagika, zamani lilikuwa na maana ya mavi na uchafu, na likaja kutumika kwa damu iliyoganda kuanzia karne ya 16. Clot ni ndugu wa Klotz ya Kijerumani, gogo au bonge la mti. Halafu kuna neno lao la zamani zaidi, dreor, damu inayodondoka kutoka jerahani. Kwalo walitengeneza sifa ya mtu aliyejaa damu, dreorig. Leo sifa hiyo ni dreary, na inatumika kwa siku ya mvua isiyo na raha, au kwa mkutano mrefu wenye kuchosha. Mimi naona hilo ni jambo la kusikitisha kuliko neno lenyewe linavyosema. Neno lilianza uwanja wa vita likaishia kulalamikia hali ya hewa, na wanaolitumia hawasikii kitu.

Vitabu vitakatifu navyo vimewapa watafsiri wa Kiswahili kazi ngumu hapa. Katika Injili ya Luka, sura ya 22, Yesu anaomba usiku na jasho lake linaanguka chini kama thromboi za damu. Ni mahali pekee katika Agano Jipya lote ambapo neno hilo linatokea, na mstari huo wenyewe haumo katika baadhi ya nakala za kale. Biblia zetu zimezoea kusema matone. Tone ni jepesi, linakauka. Bonge lina uzito, likianguka unalisikia. Sisemi watafsiri walikosea, maana jasho kweli hudondoka, lakini anayesoma matone haoni alichokiona msikilizaji wa Kigiriki, aliyelijua neno hilo kwa lami na kwa maziwa.

Kwa Waislamu swali liko kwenye sura ya 96 ya Kurani, inayoitwa Al-Alaq, ambayo kwa mapokeo aya zake za mwanzo ndizo zilizoteremka kwanza. Mwanadamu ameumbwa kutokana na alaq. Mzizi wake kwa Kiarabu ni kushikamana, kuning'inia. Neno la jamii hiyo linatumika pia kwa ruba, yule mdudu wa majini anayenyonya damu, na Kiebrania kina jina la jamii hiyo kwa ruba katika kitabu cha Mithali. Watafsiri wa Kiswahili wamegawanyika: kuna waliosema tone la damu, kuna waliosema pande la damu, na wengine wanapendelea kutaja kile kinachoning'inia. Kila mmoja amekamata upande mmoja wa neno. Jambo dogo la pembeni: damu yenyewe tumeipata kwa Waarabu, dam, na Kiebrania ni dam vilevile. Majirani zetu wa bara walibaki na yao, amaraso, makila, mashi. Jina la kitu lilikuja na majahazi, lakini kuganda na kuvia ni vya Kibantu, havikuhitaji kusafiri.

Wanasayansi walichelewa. Kwa muda mrefu waliamini damu inaganda kwa sababu imepoa, au kwa sababu imesimama. Mwaka 1666 Marcello Malpighi, wa Italia, aliosha bonge la damu na kuliangalia kwa hadubini, akaona wavu wa nyuzi nyeupe. Kumbe bonge limefumwa kama kikapu. Katikati ya karne ya 19 Rudolf Virchow, Mjerumani, alieleza namna bonge linavyoweza kufanyika ndani ya mshipa, likakatika, likasafiri na kuziba mbali, mpaka kwenye mapafu. Hapo neno la maziwa likageuka. Kuganda kulikokuwa kupona kwa Ares kukawa kifo cha ghafla kitandani. Madaktari wakaendelea kutumia jina lilelile la Kigiriki.

Na katika miaka ya 1930, huko Copenhagen, Henrik Dam aliona vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakivuja damu bila kukoma. Aligundua kitu kilichopungua, akakiita vitamini K, kutokana na Koagulation. Ni lile neno la zizini la Warumi, limepunguzwa mpaka herufi moja. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Jina lake kwa Kidenishi ni bwawa tu, lakini msomaji wa Kiarabu hawezi kujizuia kucheka. Sindano ya vitamini K anayochomwa mtoto mchanga, ambayo akina mama wengi wanaiuliza ni ya nini, ni hiyo.

Turudi kwenye maneno matatu, kwa sababu humu tunamoishi siyo mchezo wa kamusi. Katika kituo cha afya cha kambi, mzazi wa siku ya pili anaweza kuongea Kibembe, mkalimani akaongea Kiswahili cha Fizi, muuguzi Kiswahili cha Kigoma, na karatasi ikaandikwa kwa Kiingereza. Mama akisema yanatoka mabonge, muuguzi aliyezoea atauliza mara moja: makubwa kiasi gani, mangapi, umebadilisha vitambaa vingapi tangu asubuhi? Bonge linapimika. Likigeuzwa kuwa matone njiani, kama ilivyotokea kwenye Injili, mama atapewa dawa ya maumivu na kurudi hemani huku damu inaendelea. Likigeuzwa kuwa kuvilia, wataangalia kama alianguka au kama kuna mtu nyumbani aliyempiga. Hilo nalo ni swali la haki, lakini la siku nyingine.

Na kinyume chake kipo. Binti anayesema mguu umevimba, unauma nyuma ya goti, damu imeganda humo, asitafsiriwe kana kwamba ana jeraha. Hana jeraha. Damu yake iko ndani, ni sanguis ya Warumi imefanya kazi ya cruor.

Dada mmoja anayekalimani wodi ya wazazi ana utaratibu wake, nami nimeuona ukifanya kazi. Haanzi kutafsiri kabla hajamuuliza mgonjwa mambo mawili kwa lugha yake: imetoka au imebaki ndani? Na kama imetoka, nionyeshe kwa mkono. Kisha anageuka kwa muuguzi na ngumi yake imefungwa, bado hajasema neno.