Ngoma zilizovuka ziwa

Wazee wetu wa Rumonge hawakubeba vitu vingi. Mwezi wa 4, 1972, vita vilianza Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji yakaenea nchi nzima. Wengi wakavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi. Ngoma zilibaki, midundo wakaja nayo kichwani.

Zamani kila mwaka Burundi ilikuwa na Umuganuro, sikukuu ya mtama. Mwami alionja mtama, ngoma zikalia, ndo watu wakapanda. Chini ya utawala wa Wabelgiji sikukuu hiyo ikazimwa. Ya mwisho ilikuwa 1929.

Ila ngoma hazikunyamaza. Zikalia siku ya Uhuru, tarehe 1 Julai 1962, na mwaka 2014 UNESCO ikaziandika kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Rumonge, mji wa Waswahili na mawese, tuna na dufu za Maulidi.

Sisi wengine tumezaliwa kambini, Rumonge tunaisikia tu. Ndugu mnaotusaidia, mkihesabu mablanketi na sabuni, kumbukeni na gogo moja na ngozi ya ng'ombe. Na wewe kijana, babu akiwa bado yupo, kamuulize mdundo leo. Kesho utamuuliza nani?