Reli, Mji na Hekalu: Kumbukumbu ya Wafanyabiashara wa Morogoro

Wazee waliotulea hapa Morogoro hawakuwa na desturi ya kutaja miaka waliposimulia jinsi familia zetu zilivyofika. Walitaja reli. Fulani alikuja reli ikiwa imeishia Morogoro, mwingine alikuja ilipokuwa imekwisha fika Tabora, na wa tatu alikuja Waingereza walipokuwa wakitandika njia ya Mwanza. Kwa hesabu hiyo iliwezekana kujua umri wa duka lolote mjini bila kumuuliza mwenyewe. Kwa kuwa kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu kitasomwa na waumini na majirani wasioijua hesabu hiyo, tumeona yafaa tuieleze, pamoja na yale yaliyofuata ambayo wazee hawakuyaona.

Kazi ya kutandika Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, zama za Wadachi, na mwishoni mwa mwaka 1907 garimoshi likaingia Morogoro. Hiyo ndiyo miaka ile ile ya Vita vya Maji Maji kusini ya nchi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikakamilisha takriban kilomita 1,250 kutoka bahari hadi ziwa. Njia ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, Waingereza wakiwa ndio watawala.

Hapa yapasa tusahihishe jambo ambalo vijana wetu hulisema kwa fahari kwenye sherehe, kwamba Wahindi ndio walioijenga reli hii. Si kweli. Walioletwa kwa maelfu kutoka Bara Hindi ni wale wa reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Walikuwa wapatao 32,000, wengi wao watu wa Punjab, na kiasi cha 2,500 walifia kazini. Reli yetu ilichimbwa na kuinuliwa matuta kwa mikono ya Waafrika, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwamo kwa wingi, na makaburi yao hayana majina. Sisi Wagujarati tulifuata nyuma ya tuta tukiwa na marobota ya vitambaa, chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Baadaye ndipo Wahindi wakawa wengi katika kazi za reli zenyewe, za ukarani, ufundi na ukuu wa stesheni. Ni heri tujivunie tulichofanya, nacho si kidogo, kuliko kujivika jasho la wengine.

Duka la wakati ule lilikuwa kama behewa lililoshushwa kando ya njia. Bidhaa ilishuka bandarini, ikapakiwa katika behewa, ikafika stesheni ya Morogoro, na mahamali wakaileta dukani kwa mkokoteni. Katani, pamba na nafaka zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Wazee walitusimulia kwamba hata sanamu za hekalu letu zilisafiri hivyo: zilifungwa katika masanduku yaliyojazwa majani makavu, zikavuka bahari kwa meli kutoka Bombay, zikapanda behewa la mizigo Dar es Salaam, na siku zilipofika mji mzima ulikwenda stesheni, Wahindu kwa Waislamu, Waluguru kwa Wagoa. Hakuna aliyetaka kuikosa siku hiyo. Hekalu lilijengwa mahali ambapo muumini angeweza kwenda kwa miguu kutoka stesheni, kwa sababu kila mgeni alikuja kwa garimoshi.

Hakuna katika wazee hao aliyepata kusikia habari za mabadiliko ya tabianchi. Hata hivyo walijua jambo moja ambalo leo mabingwa wanalieleza kwa tarakimu. Hamali yeyote wa sokoni atakuambia kwamba mkokoteni wenye magunia manne ni mzito mchangani na mwepesi juu ya sakafu ya saruji. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei wala halizami, na msuguano wake ni mdogo mara nyingi kuliko ule wa tairi la mpira juu ya lami. Aidha mabehewa hufuatana katika mstari, la mbele likiyakinga ya nyuma na upepo. Ndiyo sababu kichwa kimoja cha treni huvuta mzigo ambao ungehitaji msururu wa malori. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2019 kwamba reli za dunia hubeba asilimia 8 ya usafiri wa abiria na asilimia 7 ya mizigo, ilhali hutumia asilimia 2 tu ya nishati yote inayotumika katika usafirishaji. Mfanyabiashara hahitaji kufafanuliwa hesabu ya namna hiyo.

Tena, kwa kuwa tuliielewa, kuiacha kwetu kwahitaji maelezo.

Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokamilishwa kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, Morogoro ikawa mji wa njia panda ya malori. Ndiyo miaka ambayo jamii yetu ilipungua sana. Majengo mengi yalitaifishwa mwaka 1971, na familia nyingi zikaondoka kwenda Uingereza, Kanada au India. Sisi tuliobaki tulikuwa wachache na tulitaka uhakika. Mabehewa yalichelewa, na mara nyingine robota lilifika limepungua bila mtu wa kuulizwa. Lori lilikuwa na dereva tuliyemjua kwa jina na kwa ukoo. Basi katika miaka ya 1980 tukanunua lori la kwanza, kisha la pili, na wenzetu wakafanya vivyo hivyo. Kadiri sisi tulivyoihama reli ndivyo ilivyokosa mapato, na ilivyokosa mapato ndivyo ilivyozidi kuchelewa, nasi tukautumia uchelewaji huo kuthibitisha kwamba tulifanya vyema kuihama.

Vitabu vya hesabu vya duka letu, vilivyoandikwa kwa Kigujarati hadi kizazi chetu, bado tunavyo. Nauli ya reli ilichukua mstari mmoja kwa mwezi. Tangu kununua malori, dizeli, matairi, spea na posho za njiani zilijaza ukurasa. Tuliuona ukurasa huo kila mwezi kwa miaka mingi, tukaongeza gharama juu ya bei ya sukari na sabuni, na mteja akalipa.

Kuna jingine ambalo ni vyema liandikwe maadamu wanaolijua bado wapo. Reli ya Kati, baada ya Kilosa, hufuata bonde la mto Mkondoa kwenda Gulwe. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliizoa njia katika bonde hilo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulifurika tena, ukaharibu makazi ya maelfu ya watu wa Kilosa na kuikata reli kwa miezi kadhaa. Sisi wenye malori tulipata faida katika misimu hiyo. Mizigo ya bara ilitugeukia, na bei ya kusafirisha tulipanga wenyewe. Tulichanga nguo na unga kwa ajili ya waathirika, na mchango huo ulikuwa wa dhati, lakini ulikuwa mdogo kuliko faida. Mto hufurika kwa mvua kubwa, na pia kwa sababu milima ya juu yake imenyolewa miti. Malori yetu yalipokwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa, madereva walipakia magunia ya mkaa wa Morogoro ili gari lisiende tupu. Hatukuwatuma. Tulijua.

Mkaa huo ulikuwa ukienda kwa nani? Kwa mji ambao mwaka 1967 ulihesabiwa watu 272,821 na mwaka 2022 watu 5,383,728. Katika uhai wa mtu mmoja, Dar es Salaam imeongezeka karibu mara ishirini. Mji wa namna hiyo hauwezi kuendeshwa kwa magari madogo hata barabara zikipanuliwa kila mwaka, na anayetoka Morogoro alfajiri akapoteza asubuhi yake kati ya Kibaha na Kimara hahitaji ushahidi. Mwezi Oktoba mwaka 2012 reli za zamani zilianza kutumika kwa treni ya mjini, ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Mabehewa yalikuwa ya zamani na njia ni ile ya Wadachi, lakini watu walijaa tangu siku za mwanzo. Waliotembelea Mumbai hawakushangaa. Huko treni ya kwanza ya abiria ilikwenda Thane mwaka 1853, treni ya umeme ilianza mwaka 1925, na leo mamilioni ya watu huenda kazini kwa reli kila siku. Ukiziondoa treni hizo, mji ule utasimama kabla ya saa tatu asubuhi.

Wapo watakaotukumbusha kwamba Mahatma Gandhi, Mgujarati mwenzetu, hakuipenda reli. Ni kweli. Katika kitabu chake Hind Swaraj, alichokiandika mwaka 1909 akiwa melini kutoka Uingereza kwenda Afrika Kusini, aliilaumu kwa kueneza tauni na kwa kuzidisha njaa, maana mkulima hushawishika kuiuza nafaka yake mbali kwenye bei kubwa. Nasi hatuwezi kusema kwamba alikosea kabisa. Reli yetu ilitandikwa ili kutoa mali bara na kuipeleka bandarini. Walakini Gandhi huyo huyo aliizunguka India yote katika behewa la daraja la tatu, na laiti angeona msururu wa malori pale Chalinze usiku, pengine angeichagua reli kuwa nafuu katika mabaya mawili. (Sisi huwaambia wajukuu pia habari za reli ya Dabhoi katika himaya ya Baroda, ambayo mwaka 1862 mabehewa yake yalivutwa na maksai. Hucheka, lakini maksai nao walikwisha ng'amua ile siri ya gurudumu la chuma.)

Ujenzi wa reli ya kisasa uliwekewa jiwe la msingi mwaka 2017. Abiria wa kwanza wa kulipa nauli walisafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai safari zikaendelea hadi Dodoma. Njia ina upana wa milimita 1,435, ilhali ile ya zamani ina 1,000, na treni huweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Kilosa safari hii mafundi hawakuutegemea mto: walitoboa milima na kuinua njia. Lililo kubwa kuliko kasi ni kwamba treni huenda kwa umeme. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kuzalisha umeme mwaka huo huo wa 2024, lilijengwa kutoa megawati 2,115, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka Kilombero, katika mkoa wetu. Treni ya umeme ya leo ikifunga breki huweza pia kurudisha sehemu ya nishati yake kwenye waya, jambo ambalo hakuna lori letu lililopata kulifanya mlima Kitonga. Lakini mabwawa yahitaji mvua na mvua yahitaji misitu. Anayeona kwamba suala la mkaa limekwisha kwa kuwa treni ni ya umeme hajapanda Uluguru siku za karibuni.

Mwaka 2025 mizigo nayo ilianza kupanda reli hiyo, na bandari kavu ikafunguliwa Kwala. Suala hili latugusa sisi moja kwa moja. Abiria wamekwisha amua. Mabehewa yao hujaa. Mizigo ni uamuzi wa wenye maduka na maghala, na wengi wao katika mji huu huja hekaluni kwetu, au msikitini na kanisani jirani. Sisi tumeuza lori moja. La pili bado tunalo, kwa sababu bidhaa ikifika stesheni sharti ifikishwe dukani, na kwa sababu, tukisema kweli, mazoea ya miaka arobaini hayaondoki kwa msimu mmoja.

Diwali iliyopita watoto wetu wanaofanya kazi Dar es Salaam walitoka kazini jioni, wakapanda treni, na kabla ya usiku kuwa mkubwa walikuwa wamekaa nasi hekaluni. Zamani walikuja mara moja kwa mwaka, wengine hawakuja kabisa, nasi tulikwisha zungumza katika kamati kama hekalu litapata wa kulitunza baada yetu. Sasa wapo wanaouliza bei ya viwanja.

Ila stesheni mpya iko mbali na mji wa zamani. Anayeshuka hukuta bodaboda, bajaji na teksi zikimgombania, na nauli ya kumfikisha mjini humfanya atie shaka kama amepunguza chochote, iwe ni fedha au moshi. Kwa ajili ya maadhimisho haya kamati imekodi mabasi mawili madogo yatakayowasubiri wageni wa treni za asubuhi na jioni, na viti vitakavyosalia wazi ni vya jirani yeyote, bila malipo. Tumewaandikia pia wahusika wa mji kuomba mabasi ya kudumu katika njia hiyo, na majibu bado tunayangoja.