KUPIMA PUMZI: TANGU PIPA LA MAJI HATA KOMPYUTA

Leo tutajifunza habari za kupima pumzi. Watu wa Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa yawapasa kuijua habari hii, maana makaa ya mawe yalianza kuchimbwa Ngaka mwaka 2011, na vumbi la makaa huharibu mapafu polepole, mtu asitambue mpaka amechelewa. Huko Kiwira, kaskazini ya ziwa, wachimbaji walichunguzwa, na habari zao zikachapishwa mwaka 2007. Waliofungua njia mpya za mgodi, penye vumbi jingi, walionekana kuwa na dalili za kifua kuliko wenzao.

Kipimo chenyewe kilianzia London. Mwaka 1846 tabibu John Hutchinson alieleza chombo chake, spirometa. Kilikuwa pipa la maji lenye chombo kingine kilichofudikizwa ndani yake. Mtu alijaza kifua, akapuliza katika bomba, na chombo kikapanda kwa kadiri ya pumzi yake. Hutchinson alipima watu 2,130, akaona kwamba mrefu ana pumzi nyingi kuliko mfupi. Mwaka 1947 Mfaransa Robert Tiffeneau na mwenzake walionyesha faida ya kupima pumzi itokayo katika sekunde ya kwanza, kwa kuwa kifua kilichobana huitoa polepole.

Leo kompyuta ndiyo inayohesabu. Lakini kompyuta haiyaoni mapafu yako. Huilinganisha pumzi yako na ya watu wazima wa afya wenye umri, urefu na jinsia kama wewe. Je, ni watu gani hao? Mwaka 1869 Benjamin Gould wa Marekani alichapisha vipimo vya askari, weupe mbali na weusi. Likaenea wazo kwamba pumzi kidogo ni maumbile ya mtu mweusi, bila kuuliza utumwa na taabu vilimfanyia nini. Baadaye mashine nyingi zilitiwa hesabu ya kumpunguzia mtu mweusi sehemu 10 hata 15 katika 100. Kwa hiyo mchimbaji aliyekwisha kuumia aliweza kuambiwa kuwa ni mzima. Mwaka 2023 chama cha matabibu wa kifua cha Marekani kilishauri hesabu hiyo iachwe.

Basi ukiitwa kupimwa, angalia haya. Mashine ihakikishwe siku ile kwa bomba la lita 3. Kipande cha kupulizia kiwe kipya kwa kila mtu, chenye chujio. Urefu wako upimwe bila viatu, usikisiwe. Kaa kitini, upulize kwa nguvu zote, walau mara 3. Ikiwa unakohoa damu, au una kikohozi cha siku nyingi, au umepasuliwa jicho au kushikwa na moyo karibuni, sema kabla ya kupuliza.

Mwisho, uliza mashine inatumia hesabu gani, tena omba nakala ya karatasi yako. Pumzi yako ya mwaka ulipoanza kazi ndiyo shahidi wako. Ikipungua upesi mwaka hata mwaka, hapana hesabu ya kigeni itakayoificha.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini urefu usikisiwe?
2. Katika kijiji chenu, nani anafanya kazi penye vumbi, naye hajapimwa bado?