Draiva iliyokaribisha wageni kabla ya kuvaa

Nimekuwa kimya wiki mbili, na sababu ni draiva. Si yule wa matatu; ni ile programu inayoiwezesha kerneli ya Linux kuzungumza na kifaa. Niliandika moja ya kusomea mizani. Kwangu ilifanya kazi vizuri. Kwa mteja, tarakilishi iliganda mara moja katika kila kuwashwa ishirini hivi, nami nikashikilia kwamba kosa ni la waya.

Kosa lilikuwa langu. Nilisajili kifaa kwanza, kisha ndipo nikatenga kumbukumbu na kuandaa kufuli zake. Ukishaita cdev_add, kifaa ki hai: programu yoyote yaweza kukifungua kabla mstari unaofuata haujatekelezwa. Kwa mteja kulikuwa na programu iliyongojea faili ya mizani itokee tu, iivamie. Hizo ndizo mbio, na mara nyingi draiva yangu ilishinda. Si kila mara.

Lakini mbona mifano ya zamani niliyonakili ilikuwa na mpangilio uo huo? Nikaanza kuchimba.

Linux 2.0 ya mwaka 1996, iliyoanza kutumia prosesa zaidi ya moja, iliwekewa kufuli moja kubwa la kerneli nzima, maarufu kama BKL. Katika 2.4, ya mwaka 2001, kuingiza moduli kulishika kufuli hilo, na kufungua kifaa pia. Basi mgeni alisubiri mwenyeji amalize kuvaa, na mpangilio mbovu haukuonekana. (Hata hivyo ulinzi ulikuwa na tundu: draiva ikilala kungoja kitu, BKL liliachiliwa.)

Mwaka 2008 Jonathan Corbet aliliondoa kufuli hilo kwenye njia ya pamoja ya kufungua vifaa, akalisukuma ndani ya draiva moja moja. Zikapatikana draiva zisizo na haja nalo, ila zilihitaji kujua kwamba limeachiliwa! Kwa ajili yao kukawa na cycle_kernel_lock, inayoshika kufuli na kuliachilia papo hapo, bila kufanya lolote katikati. Ni kupiga hodi tu, kuhakikisha maandalizi yamekwisha. Nilicheka, kisha nikaona aibu.

BKL liliondolewa kabisa katika 2.6.39, Mei 2011, kazi iliyokamilishwa na Arnd Bergmann. Chombo kilichonisaidia zaidi ni cha 2007: CONFIG_DEBUG_SHIRQ. Ukiondoa usajili wa mkatizo unaotumiwa na vifaa kadhaa, kerneli hukutumia mmoja wa uongo papo hapo. Kama hujajiandaa, unaanguka mezani pako, si kwa mteja. Draiva yangu ilianguka mara ya kwanza tu.

Sasa kumbukumbu hutangulia, kisha kufuli, kisha mkatizo, na cdev_add mwisho kabisa. Wakati wa kuondoa, kinyume chake. Mizani imewashwa mara mia mbili bila kuganda. Fundi niliyemlaumu kwa waya nimemwandikia kumwomba radhi. Bado hajajibu.